Karanga za Mtani

Mwaka wa pili wa masomo yangu ya uzamivu nilipanga chumba Nachingwea mjini, nikawa navuka kwenda Ruangwa kwa bodaboda kukusanya karanga. Nilikuwa natafuta sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye karanga na nafaka ambazo hazikukauka vizuri. Haina harufu wala ladha, na moto wa jikoni hauiondoi. Anayeila kidogo kidogo haumwi leo wala kesho, lakini ini lake huharibika taratibu.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Naomba karanga kutoka kwenye akiba ya familia, nazisaga, nachanganya na dawa, kisha natumbukiza kijikaratasi cha kupimia. Kijikaratasi huonyesha mistari miwili. Wa kwanza unasema kipimo kinafanya kazi. Wa pili ukififia, sumu ipo. Wengi hudhani ni kinyume chake, na wiki ya kwanza hata mimi nilichanganya, kwa hiyo usijilaumu ukilazimika kusoma mara mbili.

Mistari yangu haikufifia. Kijiji cha Nandagala safi, cha Matambarale safi, nyumba baada ya nyumba. Nilimpigia simu msimamizi wangu chuoni nikiwa na furaha.

"Karanga hizo umezitoa wapi?" akauliza. "Harusini?"

Furaha ikaisha. Alisema karanga za akiba hazitoki safi hivyo, na sura ya tatu ya tasnifu haitasimama juu ya matokeo hayo. Nikishindwa kupata sampuli za kweli kabla akiba za msimu ule hazijaliwa, ningengoja mwaka mzima. Lakini kilichonikosesha raha zaidi ni kitu kingine. Kama nilikuwa nakosea, ningeandika kwamba chakula cha watu hawa ni salama, nao wangeendelea kukila wakiniamini.

Siku iliyofuata nilikwenda Nandagala bila kutoa taarifa, kwa bibi mmoja ambaye nyumbani kwake nilizoea kupumzika. Nilimkuta uani na mkwe wake, ungo katikati yao, wanachambua. Karanga nene ziliingia kwenye bakuli. Zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye weusi zilitupwa kwenye kikapu cha zamani.

"Hizi za nani?" nikauliza, nikionyesha bakuli.

"Zako, mwanangu," akasema bibi.

"Na zile?"

"Zile za kwetu, dada," mkwe akajibu. "Za kuungia kisamvu. Ukishazitwanga, nani ataona?"

Nikakaa chini. Kumbe kila nyumba ilikuwa imenichambulia. Niliomba kama mgeni, nikapewa kama mgeni, na fomu niliyobeba, yenye muhuri wa chuo, ilizidi kunifanya mgeni. Kwa kawaida sumu haikai sawasawa ndani ya gunia. Punje moja mbovu huweza kubeba nyingi, huku jirani zake mia wakiwa hawana kitu. Vidole vya akina mama hawa vilikuwa vinazitoa zile punje mbovu kwa ustadi zaidi kuliko mashine yetu ya chuoni, kisha vinazipeleka kwenye chungu cha watoto wao wenyewe.

Nikaomba kikapu. Bibi akakifunika kwa khanga, akasema jambo kwa Kimwera.

"Anasema," mkwe akatafsiri, "majirani watamcheka. Mgeni ametoka kwake amebeba takataka."

Nilieleza kuhusu ukungu, nikaeleza kuhusu ini. Bibi alisikiliza kwa heshima zote, akaitikia kwa kichwa, kisha akaagiza kuku akamatwe. Nikajua nimekataliwa.

Tulipokuwa tunakula aliniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Songea.

"Songea kabila gani?"

"Mngoni, bibi."

Akarudisha tonge kwenye sahani. Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Mngoni," akamwambia mkwe wake. "Miezi yote hii tunamchinjia kuku mwizi wa kuku."

Wamwera na Wangoni ni watani wa jadi, lakini sikuwahi kutaja kabila langu. Chuoni tulifundishwa kujitambulisha kwa jina, idara na lengo la utafiti. Hakuna aliyetufundisha kwamba mtani huruhusiwa kupewa kile ambacho mgeni hapewi.

Bibi aliinuka, akakivuta kikapu, akakiweka mapajani kwangu. "Haya, mtani. Chakula chako hiki. Na sahani hiyo lete, kuku si wako tena."

Habari ilienda haraka. Kufikia alasiri akina mama walikuwa wanaingia na vibakuli, kila mmoja na tusi lake la utani. Mmoja aliniomba nihesabu punje mbele yake, maana Wangoni hawaaminiki. Niliandika alama kwenye mifuko huku nikicheka hadi mwandiko ukaharibika.

Niliporudi Nachingwea na kuzipima, mstari wa pili ulififia. Katika mfuko wa bibi ulitoweka kabisa.

Nilirudi kwa bibi na vijikaratasi viwili, nikamwekea mkononi: hiki cha bakuli la mgeni, hiki cha kikapu cha wajukuu. Safari hii sikueleza sana. Alivitazama, akamuuliza mkwe wake juzi waliunga mboga kwa karanga zipi. Mkwe akaingia jikoni, akatoka na karanga mbovu zilizobaki.

"Tuwape kuku?" bibi akauliza.

"Kuku nao huumia, bibi. Zizikwe."

"Na Wangoni?"

"Wangoni pia."

Msimu uliofuata ratiba ilinitaka nikusanye sampuli za kikapu kutoka nyumba zilezile. Kwa bibi nilikuta shimo nyuma ya jiko, limefukiwa na kushindiliwa vizuri, na kikapu kimetiwa mayai. Nikamwambia nahitaji karanga mbovu, walau bakuli moja, la sivyo jedwali langu litakuwa na pengo.

"Hazipo," akasema. "Tulizobaki nazo ni za kuliwa na watu. Nenda kaibe kwingine, mtani."

Mkwe alikuwa ametwanga karanga nene, zile za bakuli, na kisamvu kilikuwa tayari jikoni. Nilijaza fomu ya nyumba ile haraka, kwa sababu wajukuu walishanawa na walikuwa wananisubiri mimi tu.