Tumbo la Anatoli Lilipokwenda Kuposa

Anatoli wa Bugarama alikuwa na vitu viwili vilivyomtangulia kila alikokwenda: tumbo na sifa. Tumbo ndilo lililofika kwanza.

Sifa yenyewe ilikuwa ya ushenga. Kuanzia Bugarama mpaka Kabanga, kijana akitaka kuoa alimtafuta Anatoli kabla ya kumtafuta padri. Alijua kumpamba mvivu kwa maneno mpaka mvivu mwenyewe akajiuliza anayesemwa ni nani. Alijua kushusha mahari mpaka baba wa binti akamsindikiza njiani huku akimshukuru kwa kumwondolea kero ya kuchunga ng'ombe.

Kwa hiyo Danstan alipompata Irine wa Biharamulo, hakukuwa na haja ya kuuliza nani atapeleka posa. Danstan ni mtoto wa marehemu kaka yake Anatoli. Anatoli alimlea tangu kamasi zikipanguswa kwa mkono wa shati, na safari hii hakuwa anamtafutia mke mtoto wa mtu baki. Tena ilikuwa safari ngumu, maana baba wa Irine, Mzee Rwekaza, alijulikana kwa kukataa. Posa iliyotangulia aliirudisha kwa sababu mshenga alipiga miayo.

"Baba mdogo," Danstan alimwambia, "nikimkosa huyu naingia seminari."

Anatoli alimtazama kijana, akaona kwamba Kanisa nalo lingepata hasara.

Shida ni kwamba tumbo lilikuwa limekua kuliko koti la suti. Juu ya hayo, kliniki walikuwa wamempima presha wakaikuta juu, na muuguzi akamwambia apunguze uzito, apunguze sukari na pombe, ale mboga, atembee kwa miguu, na asiwe na haraka. Anatoli aliyapokea yote kwa moyo mweupe, isipokuwa la kutembea na la haraka. Alichotaka ni koti lifunge kabla ya kufika kwa Rwekaza. Akampigia simu mpwa wake Happy, anayekaa Ngara mjini na ambaye amesomea mambo ya mwili kwenye simu hiyohiyo.

"Rahisi, mjomba. Unakula mara moja tu, jioni. Asubuhi na mchana ni kahawa chungu. Inachoma mafuta."

"Inachoma kama kuni?"

"Kama gesi, mjomba."

Hapa mgeni wa mambo yetu aelezwe kitu. Watu wa Bugarama wanalima kahawa, wanaichuma, wanaianika, wanaipeleka chama cha msingi, kisha wanarudi nyumbani kunywa chai. Kuinywa ni kama fundi wa majeneza kujipumzisha ndani ya kazi yake. Kwa hiyo hakukuwa na mtu pale nyumbani aliyejua kipimo. Anatoli alizikaanga punje mpaka zikafanana na makaa, akazitwanga kwenye kinu cha mkewe Febronia, akazichemsha kwa namna pekee aliyoijua ya kuchemsha kitu cheusi kilicho kichungu: kama mizizi ya kutibu homa. Moto mkali, mfuniko juu, mpaka maji yabaki nusu. Akanywa kama dozi.

Siku ya kwanza ulimi ulikunjamana mpaka akashindwa kusali rozari. Siku ya pili akaenda Kabanga kwa Niyonkuru, anayeuza pale mpakani kila kitu ambacho hakina duka lake maalumu, kuanzia betri hadi mafuta ya nywele. Niyonkuru alimtolea kikasha chenye vidonge vyeupe, vidogo kama mayai ya mjusi.

"Hivi vinatia utamu, mzee, lakini mwili hauvioni."

"Hauvioni kwa vipi?"

"Vinapita kimyakimya kama mimi ninavyopita hapo kwenye kizuizi."

"Na njaa?"

Niyonkuru akaongeza mfuko wa peremende zisizo na sukari. "Njaa ikija, unaipa moja. Ikirudi, unaipa nyingine."

"Haya maandishi yanasemaje?"

"Kifaransa hicho. Yanakukaribisha."

Yalikuwa yanasema kwamba mtu akizila kwa wingi tumbo linaweza kumharisha. Lakini Niyonkuru hakuzoea kumharibia mteja siku yake.

Ndipo Anatoli alipoanza kupungua, na hakupungua mwili peke yake. Kichwa kilimgonga tangu asubuhi. Moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha chungu jikoni. Usingizi ulimkimbia. Mikono ilitetemeka hata alipofanya ishara ya msalaba, akajikuta amejibariki sikio. Tumbo nalo, ambalo miaka yote lilikuwa raia mtulivu, likaanza kuhutubia.

"Baba Tecla," Febronia alimwambia, maana Tecla ndiye binti yao wa kwanza, "huko ndani kuna mtu anasogeza meza."

"Ni mafuta yanahama."

"Yanahamia wapi?"

"Mama Tecla, haya ni mambo ya kisayansi."

"Muuguzi alisema upungue. Hakusema tukuzike ukiwa mwembamba."

Anatoli akamwonea huruma kwa ushamba wake, akatupia mdomoni peremende nyingine. Koti lilikuwa limeanza kukubali kifungo cha chini. Mtu aliyeonjeshwa ushindi wa namna hiyo hashauriki.

Siku ya posa wakakodi gari, wakashuka mpaka Biharamulo: Anatoli na koti lake, Febronia, Danstan aliyekuwa anatoka jasho kuanzia Nyakahura, na wazee wawili wa ukoo wa kujazia viti. Anatoli hakula kitu tangu jana yake. Alikunywa kahawa alfajiri, akanywa nyingine njiani kutoka kwenye chupa ya chai, na mfuko mpya wa peremende akaumaliza peke yake kwa sababu alikuwa na wasiwasi.

Mzee Rwekaza aliwapokea sebuleni. Mtu mrefu, mkavu, mwenye kutazama kama anayekagua ng'ombe mnadani. Kulia kwake alikaa mkewe Melania. Kushoto alikaa dada yake Felisita, shangazi wa bibi harusi mtarajiwa, ambaye kila mtu alijua kwamba ndiye Rwekaza mwenyewe aliyevaa kitenge. Irine alikuwa chumba cha ndani, kama inavyotakiwa, akichungulia kwenye pazia, kama inavyotakiwa pia.

Shikamoo zikapita, marahaba zikarudi. Rubisi, pombe ya ndizi, ikaletwa. Kwa desturi, mwenye nyumba humimina, huonja yeye kwanza mbele ya macho ya wote, ndipo mgeni hupewa. Maana yake kila mtu anaijua na hakuna anayeitamka: humu hakuna sumu, kunywa, tuzungumze. Rwekaza akaonja, akajaza glasi ya pili, akamsogezea Anatoli.

Na Anatoli, ambaye maishani hajawahi kuikosea heshima glasi, akaisukuma nyuma kwa kidole.

"Mzee wangu, mimi kwa sasa siitumii. Nina kinywaji changu."

Febronia akafumba macho. Anatoli akamimina kahawa yake kwenye mfuniko wa chupa, akatoa kile kikasha mfukoni, akakitikisa ili kitoke kidonge kimoja. Kikatoka. Lakini mkono uliokipokea ulikuwa mkono wa kahawa ya alfajiri na kahawa ya njiani. Kidonge kikaruka, kikagonga ukingo wa meza, kikatumbukia kwenye glasi ya Mzee Rwekaza. Kikazama huku kikitoa mapovu membamba: tssss.

Watu wote walikiona. Hata Irine alikiona, maana pazia lilifunguka zaidi.

Felisita ndiye aliyesema, polepole, kama mtu anayesoma tangazo la msiba. "Kaka yangu ameonja ili wewe usiogope. Wewe umekataa cha kwake. Halafu umetia kitu chako kwenye glasi yake. Baba, hebu nisaidie. Kwenu posa ndiyo huletwa hivi?"

Anatoli alikuwa na maneno ya kila jambo. Alikuwa na maneno ya kijana mwenye mtoto wa nje na maneno ya ukoo wenye wezi. Ya kidonge hakuwa nayo. Alimwona Danstan amekuwa rangi ya majivu. Akajua kwamba pale hapasemwi kitu, pananywewa. Akainyakua glasi ya Rwekaza kwa mikono miwili, akaipeleka yote kooni, kidonge na mapovu yake, akaiweka mezani tupu.

"Kama ni sumu," alisema, "ni yangu."

Lingekuwa jibu zuri sana, kama tumbo lingelala. Lakini rubisi ilishuka ikakuta humo ndani kahawa tupu, peremende mfuko mzima na hakuna hata tonge la ugali la kuwaamulia. Likatoa ngurumo. Wazee wa kujazia viti wakatazama dari wakidhani ni mvua. Likatoa nyingine. Anatoli akasimama, akainama kwa heshima, akasema, "Samahanini, wakwe," akapita mlangoni kama mbuzi aliyekata kamba, akapotelea nyuma ya migomba.

"Imemrudia," alisema Felisita. "Mungu si Athumani."

"Alitaka kuniua mimi," alisema Rwekaza, na sauti yake ilikuwa na mshangao kidogo, kama mtu aliyepewa heshima asiyoitarajia. "Mahari yenyewe hatujaitaja."

Ndipo Febronia akasimama. Akakichukua kikasha pale mezani, akamwagia vidonge kiganjani, akavitafuna mbele yao kama anayetafuna karanga.

"Wazazi wangu, hii siyo sumu. Ni sukari ya uongo. Mume wangu ana presha, akaambiwa apungue taratibu. Yeye akaona taratibu ni ya watu wengine. Tangu mwezi uliopita anashinda na kahawa, hivi vidonge na peremende zisizo na sukari, eti ili aje kwenu na koti limefungwa."

Melania ndiye aliyeanza kucheka, puani. Halafu wazee wa kujazia viti, ambao walikuwa wanasubiri ruhusa. Felisita alijikaza kadiri alivyoweza, akasema, "Anakuja kuomba mtoto wetu akalishwe kwao, na yeye mwenyewe hali?" Kisha kitenge chote kikaanza kutikisika.

Irine akatoka chumbani. Mchumba hatoki mpaka aitwe, lakini huyu anasomea uuguzi, na wauguzi wana tabia ya kutokea bila kuitwa. Akamsalimia Febronia kwa kupiga goti, akauliza, "Mama, zile peremende alikula ngapi?"

"Mfuko."

"Zote leo?"

"Alikuwa na wasiwasi, mwanangu."

"Kuna watu tumbo lao haliziwezi zikizidi. Na kahawa nzito hivyo kwa mtu ambaye hajala, lazima atetemeke, moyo uende mbio. Na mtu mwenye presha je?" Akaingia jikoni, akatoka na jagi la maji yaliyokorogwa sukari na chumvi. Sukari ya kweli. Akalibeba mpaka nyuma ya migomba, akaliweka kando ya mlango wa bati wa choo, akakohoa kwa adabu.

"Baba mdogo, kuna maji hapa. Unywe kidogokidogo."

"Ahsante, mkwe," ilisema sauti ndani, nyembamba kuliko alivyowahi kuwa. "Kama bado ni mkwe."

Irine akaondoka akicheka kwenye kanga. Mkono wa Anatoli ukatoka, ukalivuta jagi, mlango ukafungwa. Baadaye kidogo akasikia hatua nyingine, nzito, zikasimama.

"Wewe," alisema Mzee Rwekaza. "Unaendeleaje?"

"Vibaya, mzee wangu."

"Yule kijana wako. Ni mchapakazi?"

Anatoli alivuta pumzi atoe ile hotuba yake ya vijana wachapakazi, yenye jembe, jogoo na umande. Tumbo likamkatiza.

"Ni mchapakazi akisimamiwa," alisema.

"Anakunywa?"

"Sikukuu."

"Ana hasira?"

"Hana. Ana woga. Anamwogopa hata jogoo wetu. Lakini huyo binti yako anampenda, mzee, hilo silipambi."

Rwekaza akabandua ganda kavu la mgomba. "Nimewasikiliza washenga wengi," alisema, "wote wakiwa wamekaa kwenye kiti changu kizuri, na wote waongo. Mtu aliyekaa hapo ulipokaa hana muda wa kupamba." Akakohoa. "Tuzungumze mahari hapahapa."

Akaanza kutaja ng'ombe. Huyu alikuwa Anatoli, bingwa wa kushusha, aliyewahi kuanza na zizi zima akamaliza na mbuzi na blanketi. Kila Rwekaza alipotaja, ndani kulijibiwa "sawa, mzee." Alitaja jike lenye mimba: sawa. Akataja kanzu ya babu na kitenge cha Felisita, kile cha bei: sawa, mzee, sawa. Rwekaza mwenyewe akaanza kuona haya, akasema basi jike lile si lazima liwe na mimba.

"Na ndama wa shangazi?" aliuliza mwisho. "Huyo najua mtabisha."

Ndani hakukuwa na sauti ya mtu. Tumbo likanguruma, refu, likipanda na kushuka, likamalizia kwa kijisauti cha unyenyekevu.

Rwekaza akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi sebuleni kuwaambia kwamba na ndama amekubaliwa.