Filamu Bubu ya Mtu na Mikono Yake

Nasema wazi: filamu ile ilichomwa na sajini wa ghala la kambi, na fundi viatu wa sokoni Arua ndiye aliyechochea. Lakini mimi ndiye niliyeitoa mafichoni.

Muhindi mwenye jumba la sinema aliniachia mimi, fundi wake wa mashine, mwaka wa sabini na mbili, Wahindi walipofukuzwa. "Fundi," alisema, "hii usimpe mutu. Ulaya iko watu wanakusanya filamu bubu za zamani, na hii wanaitafuta mpaka wanaugua. Nitatuma mtu wangu." Niliificha kijijini Aroi kwa shangazi, chini ya magunia ya mihogo mikavu.

Haina jini wala damu. Mtu amemuua mkewe, sasa yuko peke yake nyumbani, anatazama mikono yake. Basi. Lakini inakukaa kichwani kama homa, ndiyo maana wanaitaka.

Jumba likapewa sajini. Filamu zake watu walizichoka, viti vikabaki vitupu. Mimi na kiburi changu nikamwambia, afande, iko moja ya kuwatisha. Nikaileta.

Filamu bubu kwetu husemewa. Nilisimama kando ya pazia nikiwatolea waigizaji maneno, na kazi hiyo Arua nzima hakuna aliyeniweza. Mke nilimpa lugha ya Kinubi. Mume nilimpa Kiswahili cha kambini, maana mume mkali kwetu ndivyo anavyosema. Jirani akabisha hodi, nikamjibia mume: "Bibi iko kwao."

Fundi viatu akapaza sauti kutoka benchi la nyuma: "Kama wa afande!"

Watu wakacheka, kisha wakageuka kumtazama sajini. Mke wa sajini, binti wa kijiji cha Midia, alikuwa haonekani tangu mvua za kwanza, na sajini akiulizwa alikuwa akijibu hivyo hivyo. Wallahi mimi sikulifikiria.

"Nani alikuambia maneno hayo?" sajini akauliza.

"Afande, ni filamu tu. Haina sauti."

"Sauti ni yako."

Fundi viatu, ili apone yeye, akaapa kwamba nilipanga. Sajini akaitoa filamu uani, akawasha kiberiti. Filamu za zamani hushika moto kama petroli. Halafu akanivunja meno manne kwa kitako cha bunduki.

Baada ya vita, serikali ya wanajeshi ilipoanguka, mtu wa Muhindi alinipata Koboko. "Hakikubaki hata kipande?" akauliza. Hata kipande. Nikamsimulia yote kwa sauti zote mbili, akaandika. Mwisho akauliza sajini alikasirishwa na nini katika filamu bubu.

"Nenda Midia," nikamwambia. "Waulize ndugu za yule mwanamke kama alifika kwao."