Mama Aliyefunga Kisima Chake

Wiki iliyopita tulimzika mwanamke ambaye nilipanga chumba nyumbani kwake, Kariakoo, katika miaka ya Ujamaa. Habari za msiba nilizipata kwa mjukuu wake, aliyenieleza kwa utulivu kwamba bibi aliamka, akaomba chai, na kabla chai haijapoa akawa ametutoka. Nilikwenda. Tukiwa tumeketi mkekani tukingoja jeneza, nilimsikia mtu mmoja, ambaye kwa umri wake hawezi kuwa alishuhudia lolote, akimnong'oneza mwenzake: "Huyu ndiye yule bibi aliyewanyima watu maji wakati wa kipindupindu." Mwenzake alitikisa kichwa kana kwamba ameelezwa jambo lililothibitishwa. Wahenga walidai kwamba lisemwalo lipo. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba katika hili sikubaliani na wahenga. Mimi nilikuwepo, na ninachokiandika hapa ni kile nilichokiona na kukisikia mwenyewe.

Nyumba ile ilikuwa kama nyingine za mtaani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Uani kulikuwa na jiko, choo cha shimo na kisima. Kisima alikichimba mumewe, fundi seremala aliyetoka Kilwa, na alipofariki, mjane alikitangaza kuwa sadaka ya kudumu kwa ajili yake. Kwa wasioijua desturi hii, maana yake ni kwamba kila anayekunywa humpatia marehemu thawabu huko aliko. Hakuna aliyelipa. Sharti lilikuwa moja tu: kila ajaye, kabla ya kushusha ndoo, amtaje fundi kwa jina na kumwombea rehema. Mabomba yalipokauka, na miaka ile yalikauka mara kwa mara, nusu ya mtaa ilipita ukumbini mwetu. Nami chumbani, nikijiandaa kwenda ofisini Posta, nililisikia jina la marehemu likitamkwa na watu ambao hawakupata kumwona. Mjane aliyasikiliza hayo huku akipepeta mchele, na sijapata kuona tena uso ulioridhika namna ile.

Kisha kikaja kipindupindu. Mtoto wa jirani yetu, mama aliyekaanga maandazi nyumba ya pili, aliugua, akapelekwa hospitali, akapona. Mzee mmoja wa nyumba ya nyuma hakupona. Hapo ndipo alipofika bwana afya, kijana wa Kilimanjaro, mpole, mwenye viatu vilivyojaa vumbi la mitaa yote aliyokwisha kuizunguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Una kiu? Kata hiyo, jitekee."

"Sina kiu, mama. Nimekuja kwa ajili ya kisima. Choo kiko karibu nacho mno."

"Wewe kwenu mlimani maji yanateremka yenyewe kwenye mifereji," akamwambia, na wanawake waliokuwa wakifua wakaangua kicheko. "Ndiyo maana ukiona kisima unatetemeka. Hebu tazama maji yalivyo meupe! Mdudu yuko wapi hapo?"

Kosa hilo halikuwa lake peke yake. Mji mzima ulipima maji kwa jicho na ulimi: yakiwa meupe, ya baridi, na chumvi yake si kali, basi yalihesabiwa kuwa salama. Bwana afya hakubishana. Alitoa rangi ya kijani, akaimimina chooni mbele yetu sote, akaomba kila mtu akitazame kisima. Siku zikapita. Mkaanga maandazi akawa anamtania kila apitapo: "Bwana afya, vipi, rangi yako imeshuka Feri kununua samaki?" Hata asubuhi moja mjane akavuta ndoo, akaimimina katika bakuli jeupe, na maji yakawa ya kijani. Aliliweka bakuli chini, akasema, "Nilijua uchafu unakwenda chini. Sikujua unakwenda upande."

Kabla ya adhuhuri mtaa ulikwisha kuamua kwamba bwana afya alipanda ukuta na kuitia rangi kisimani kwa mkono wake. Nilimuuliza kila aliyesema hivyo kama alimwona. Hakuna aliyemwona, kila mmoja aliambiwa na mwingine.

Alasiri mjane aliniita. "Wewe umesoma," alisema. "Niambie, kisima kikifungwa, thawabu za mume wangu zinakatika?" Nilimjibu kwamba elimu yangu haikufika huko. "Na kisipofungwa?" Akainama, akasema kwa sauti ndogo, "Miaka yote hii nilidhani namtumia zawadi. Leo sijui nimekuwa nikimtumia nini." Bwana afya aliporudi, mjane hakumwuliza habari za rangi. Alimwuliza, "Nikifunga, bomba la mtaa litatoka maji?"

"Nimeomba, mama."

"Sikukuuliza kama umeomba. Nimeuliza, litatoka?"

Kijana alitazama chini. "Sijui, mama."

Kesho yake mjane alimwita mwashi, na kisima kikafunikwa kwa zege. Mkaanga maandazi akaja na ndoo yake kama kawaida, akasimama mlangoni pa ua. "Shoga, umeanza uchoyo lini? Au bwana afya amekuposa?"

"Mwanao juzi tu katoka hospitali," mjane akamjibu.

"Kwa hiyo sasa afe kwa kiu? Bomba kavu, mkaa wa kuchemshia sina, na wewe umetia zege. Haya, nionyeshe pa kwenda!"

Mjane hakuwa na mahali pa kumwonyesha. Mimi pia, na vitabu vyangu vyote, sikuwa napo. Mama yule alijitwika ndoo tupu, akaongoza njia ya Jangwani, akateka maji ya vidimbwi vya bondeni, kando ya mto uliobeba majitaka ya mji. Wengine wakamfuata. Bomba lilitoka maji baadaye, kwa siku chache, kisha likakauka tena. Mjane aliombwa, akatukanwa, hata salamu akanyimwa, lakini zege hakulivunja. Na tangu siku ile, asubuhi ukumbini mwetu hapakusikika jina la fundi.

Tuliambiwa katika miaka ile kwamba kila raia atapata maji safi karibu na nyumba yake, na wengi wetu tuliamini kwa moyo mweupe. Siwakejeli walioahidi. Lakini mji uliongezeka, mabomba yakabaki yale yale, na mifereji ya majitaka iliishia mitaa michache tu. Sisi wengine tulikunywa na kujisaidia katika udongo mmoja, tukitenganisha shimo na shimo kwa hatua chache na kwa kumtegemea Mungu. Leo pale penye nyumba zile pamesimama maghorofa, na mwenye uwezo hununua maji ya chupa. Asiye na uwezo bado hutazama ndoo yake na kusema ni meupe. Nimeandika haya mara nyingi katika safu hii, na sijui kama yamebadili chochote.

Je, kukifunga kisima kulimwokoa mtu hata mmoja? Sina ushahidi. Inawezekana waliokwenda Jangwani walikunywa mabaya zaidi. Anayedai kuupenda ukweli hana budi kuupokea hata pale usipomfariji. Ninachokijua ni kwamba mwanamke huyu alipewa ukweli asioutaka, akaupokea, ukamgharimu jambo alilolithamini kuliko yote, na hakuna aliyempa chochote badala yake. Mtu mmoja anaweza kuacha kuwapa majirani maji machafu. Kuwapa maji safi hawezi peke yake. Yeye alitimiza sehemu yake, akaitwa mchoyo hadi siku ya maziko yake. Sehemu iliyobaki ilikuwa yetu sote, na ndiyo ambayo haikufanywa.