Iache Irare Kwanza

Enzi zetu, na wenzangu mliokulia Malakisi mnajua, hata redio ilikuwa na ruhusa ya kulala. Ya kwetu ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichodarizi mama, na mkono wa mtoto haukuigusa. Jioni, nguo zikinuka tumbaku tuliyoshinda tukiifunga kwenye fito, tulikaa sakafuni, sahani ya viazi vitamu katikati, tukingoja baba aiwashe. Ukitafuna kwa kelele wakati wa matangazo ya vifo, ulitolewa nje ukamalizie huko na mbwa.

Lakini redio hiyo ilikuwa na vituko. Katikati ya mpira, mchezaji ameshaingia kwenye boksi, inakata! Kaka yangu Wafula alitaka kuizaba kofi. Baba hakukubali. Aliifungua mgongo, akatoa mawe yote, ndivyo tulivyoziita betri, akayapanga mezani, akachomoa hata ule waya aliouunganisha uwe antena. Kisha akasema, "Toa kila kitu. Iache irare kwanza." Tukangoja. Bao likafungwa tusilisikie, na hakuna aliyethubutu kununa.

Irare! Shuleni mwalimu wa Kiswahili alitusimamisha kwa ajili ya hiyo r. Akisema "ilale", darasa zima linajibu "irare", kwa bidii kabisa, mpaka mate yanaruka. Alihangaika nasi muhula mzima, maskini. Siku ya kufunga shule alisimama mbele yetu, akatutakia rikizo njema.

Juzi, hapa kwangu Tuwan, kompyuta yangu ilikataa kuwaka. Ni ile nene ya zamani, ya betri inayochomoka. Iliniomba ijizime na kujiwasha upya, nikaikubalia. Kikaja kile kiduara cha vidoti, kikazunguka, kikazunguka, kikasimama. Nikaizima kwa nguvu, nikaiwasha, ikaganda palepale. Na ndani yake mna sauti ya baba. Nilimrekodi kwa kompyuta hiyo muda mfupi kabla hajafariki, akisimulia alivyomchumbia mama, na sikuwahi kuihamisha popote.

Binti yangu Nekesa akaja, akaiangalia huku kidole chake kikiendelea na simu.

"Mum, imehengi hiyo. Si tuifomati tu, ianze upya?"

"Itafuta vitu vyangu?"

"Eeh, lakini si vitu zako ziko kwa mawingu?"

Mawingu! Mimi mawingu ninayoyajua ni yale yanayoshuka kutoka Mlima Elgon nikiwa nimeanika nguo. Watoto wa siku hizi kitu kikisita kidogo tu wanataka kipya. Wali ukichelewa kuiva, wameshaagiza chipsi. Nikampigia simu fundi wa mjini, naye akaniambia yaleyale, kwamba niilete aifute. Niliketi kitandani nikalia, na sioni haya kulisema.

Nilipomaliza kulia niliirudia. Nikaigeuza, nikatoa betri. Nikachomoa chaja, nikachomoa kipanya, nikachomoa na flashi ya nyimbo za kwaya ambayo Nekesa aliisahau pembeni tangu Jumapili. Nikavipanga vyote mezani.

"Sasa Mum, unafanya nini?"

"Naiacha irare."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Tukapika chai, tukanywa bila haraka. Kisha nikarudisha betri na chaja tu, nikawasha. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikapita.

"Ai! Kumbe ni hiyo flashi," Nekesa akasema. "Ndiyo ilikuwa inaizuia kompyuta kuwaka." Sikumbishia. Baba hakuwahi kuiona flashi maishani mwake, lakini alisema toa kila kitu.

Tukaifungua sauti yake. Kikombe kiligonga sahani, akakohoa, akasimulia jinsi alivyopeleka ng'ombe kwa wakwe, ng'ombe akatoroka na kurudi nyumbani kabla yake. Nekesa aliweka simu chini, jambo ambalo sijaliona siku nyingi. Mwishoni baba akapumua, akaniita vile alivyozoea. "Basi, mama. Zima hiyo kitu sasa, nirare."

Nekesa ameshainakili kwenye simu yake, yangu na ya Wafula, kwa hiyo haiwezi kupotea tena. Enzi zetu kila kitu kilikuwa na wakati wake wa kulala: redio, taa ya mafuta, kuku, na sisi wenyewe miguu ikiwa na vumbi. Siku hizi simu hazilali na wenye simu hawalali, nami huwagombeza kila siku. Tangu utotoni sikuwahi kukataa baba akinituma. Lakini jioni ile niliweka kidole kwenye kitufe cha kuzima kompyuta, nikashindwa. Bado inawaka pale mezani.