Dada Zaina na Sukari ya Mungu

Sisi watoto wa Buyenzi ya zamani tulikuwa tunanuka mapera. Msinibishie, wenzangu mliobaki, mnajua wenyewe. Mtu akitaka kujua jana ulishinda wapi alikuwa hakuulizi, anakushika mkono ananusa vidole. Mwalimu wetu wa madrasa, Mungu amrehemu, ndivyo alivyotupokea mlangoni kabla ya kutufundisha alifu. Akinusa pera anakuchapa. Akinusa embe anakuchapa zaidi, kwa sababu embe la siku zile lazima lilikuwa la mtu.

Mapera tulikuwa tunayafuata Kanyosha. Siyo hii Kanyosha yenu ya mageti na mbwa wakali. Ile ilikuwa mashamba ya mihogo na vichaka, na mapera yaliota yenyewe, hayana mwenyewe isipokuwa ndege. Tulikwenda kwa miguu, kundi zima la mtaa, na mbele yetu dada yangu Zaina, sketi ameikunja ameifunga kiunoni, anatutukana tutembee haraka. Yeye ndiye aliyekuwa anapanda. Akifika juu, anachuma, anauma kwanza, likiwa tamu analimaliza huko huko, likiwa chachu anatutupia sisi wa chini. Nimekula mapera yenye alama za meno ya Zaina mpaka nikadhani ndivyo yanavyozaliwa.

Yakikosekana yaliyoiva tulikula mabichi na chumvi. Hapo ndipo balaa. Mbegu za pera bichi zikikusanyika tumboni zinajenga ukuta, fundi wa matofali mwenyewe hajengi vile. Kesho yake unaingia chooni, unaomba msamaha kwa kila mtu uliyemkosea. Mama alikuwa anasimama nje, mikono kiunoni, anasikiliza.

"Sukuma! Ulipokuwa unakula uliniita?"

Basi hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake. Hiyo na kijiko cha mafuta ya nyonyo, ambayo hata leo nikiyafikiria mgongo unasisimka.

Sukari yenyewe, hii nyeupe, ilikuwa ya wageni na ya Idi. Mama aliiweka katika kopo la maziwa juu ya kabati, na kila akimaliza kuchota alichora mstari kwa kidole juu yake, ili mkono wa mwizi ujulikane. Kwa hiyo utamu wetu ulikuwa tunda, na tunda ulilifuata mwenyewe, na ulirudi umechanika kaptula.

Vijana wa leo nikiwaambia haya wanaruka. "Ahaa, Babu! Ndiyo maana enzi zenu hakukuwa na ugonjwa wa sukari!" Uongo mtupu. Ulikuwepo, tulikosa jina tu. Tulikuwa na mjomba, Mjomba Saidi, fundi baiskeli, mtu mkubwa wa mwili. Alikuwa akikojoa nyuma ya nyumba, sisimizi wanafika kama wamealikwa harusi. Sisi watoto tulikuwa tunakwenda kuwaangalia. Wakubwa wakasema ana jini mpenda asali. Akaandikiwa kombe, aya zikaoshwa kwa maji, akanywa, na maji akawa anakunywa kama ng'ombe, na mwili unakauka, mpaka tukamzika. Kwa hiyo mtu asije akaniambia zamani tulikuwa wazima wote. Zamani tulikuwa tunakufa bila jina la ugonjwa, basi.

Nirudi kwa Zaina, maana mimi kalamu yangu haijui njia iliyonyooka, na shule niliiacha kabla haijaniacha yenyewe.

Zaina sasa ni bibi wa watu, lakini bado ni fundi cherehani, barazani kwake, palepale Buyenzi. Siku moja akamshonea mtu kanzu, mkono mmoja akaushonea kwenye kola. Mteja akavaa, akawa kama polisi anayesimamisha magari. Tukacheka. Halafu nikamwona Zaina anatafuta tundu la sindano, analitafuta, uzi unapita kushoto, unapita kulia, akaufunga uzi kidoleni akasema ataendelea kesho. Hapo sikucheka.

Mjukuu wake, Sharifa, akampeleka dispanseri. Wakamchoma kidole. Infirmie, yaani muuguzi, kijana mpole wa Kibenga, akamwambia, "Mama, uko na sukari. Sukari uache, ao haya macho itakwenda."

Sasa shida ya lugha yetu ni hiyo. Ugonjwa ni sukari, na kitu cha kwenye kopo ni sukari. Zaina alisikia kopo. Akarudi nyumbani akaligawa kopo kwa jirani, chai akainywa chungu, maandazi matamu akayakataa, akajiona amemaliza kazi.

Na habari ikatembea mtaani. Nyinyi mnajua desturi ya kwetu, mgonjwa haendewi mikono mitupu. Na mgonjwa wa sukari unampelekea nini? Keki apana, soda apana, biskuti apana. Watu wote wa mtaa, Waislamu kwa Wakristo, bila kukaa kikao, wakafikia uamuzi mmoja: jusi. Jusi ya matunda, natirel, ya asili. Wakawa wanapanga foleni kumletea mgonjwa wa sukari jagi za utamu, na kila mmoja anasema, "Pole na sukari, Mama Zaina, kunywa upate nguvu."

Mbele ya wote alikuwa Mama Neema, jirani aliyetoka Uvira, mwanamke wa moyo mkubwa na jagi kubwa kuliko moyo. Alikuwa anakamua marakuja, yale matunda ya pasheni, kwa mikono yake.

"Iko natirel kabisa, mama," anasema. "Niliweka tu kasukari kadogo ya kukata ukali."

Na Sharifa mwenyewe, mtoto wa simu, alikuwa amenunua mikseri. Asubuhi inaunguruma kama pikipiki ya wizi: embe, nanasi, chungwa, ndizi, vyote ndani, halafu anachuja kwa chujio, makapi anawapa kuku. Kuku wale walinawiri, nawaambia. Bibi yake anapewa glasi ndefu yenye mrija. Nikamuuliza, hii ni nini?

"Detoksi, Babu."

"Ndiyo nini?"

"Inasafisha mwili."

Mama yetu alikuwa na mafuta ya nyonyo, hata hakuhitaji mrija.

Nikamwambia Zaina, hii kitu ni tamu mno. Akanigeukia kama zamani juu ya mpera.

"We Hamisi, unaona kopo hapa? Hii ni sukari ya Mungu. Sukari ya Mungu haina hesabu."

Nikamkubalia. Kwanza ni mkubwa wangu. Pili, na mimi nilikuwa nimeshika glasi.

Lakini macho hayakujua tofauti ya sukari ya Mungu na sukari ya kopo. Yakazidi kuingia ukungu. Ikafika siku nimesimama mlangoni kwake mchana, jua kali, akaniuliza, "Nani huyo?" Mimi! Mdogo wake niliyekula mabaki yake utoto mzima, ananiuliza nani huyo. Nikaenda nyuma ya nyumba nikajifanya nakohoa.

Kesho yake tukaenda naye dispanseri, mimi na Sharifa. Infirmie akachoma kidole, akaangalia kamashine kake, akaangalia Zaina.

"Mama, sukari unakula wapi?"

"Wallahi sigusi! Uliza huyu."

"Anakunywa jusi tu," Sharifa akasema, shingo juu. "Natirel. Mi mwenyewe ninamutengenezea."

"Unaweka nini?"

Sharifa akaanza kutaja. Alitaja mpaka mgonjwa aliyekaa nyuma yetu akameza mate.

"Hayo yote, Bibi angeweza kuyatafuna kwa kikao kimoja?"

"Apana! Angeshiba mapema sana."

"Basi. Tunda ukitafuna, zile nyuzi zake zinafanya sukari iingie polepole, na zinakushibisha. Nyie munachuja, nyuzi munawapa kuku, Bibi munamupa sukari peke yake. Inaingia mbio mbio."

Zaina akakunja uso. "Mwanangu, lakini hiyo ni sukari ya Mungu."

"Ndiyo, mama. Lakini Mungu aliiweka ndani ya tunda. Ndani ya glasi muliiweka nyie."

Sharifa, kama vijana wote, akaruka kutoka mti huu mpaka ule bila kushuka. "Sawa, kuanzia leo hakuna tunda nyumbani! Hata moja!"

Hapo Zaina akasimama. Nilidhani anampiga mtu. "Niache papai? Chai yangu chungu, kopo nimeligawa, maandazi nimeyakataa, na papai pia? Sasa hayo macho niyaponyeshe niangalie nini?"

Infirmie akacheka, akamketisha. "Apana, mama. Papai kula. Kipande, siyo papai nzima. Pera kula, embe kidogo kula. Utafune, usinywe. Na hizi vidonge ninakupa usikose, tunda haishiki nafasi ya vidonge."

"Nitafune na nini?" Zaina akafungua kinywa. Yale meno yaliyonionjea mapera Kanyosha, yamebaki kama wasafiri waliochelewa basi.

"Papai iliyoiva haina haja ya meno, mama. Ufizi unatosha."

Kazi ngumu ilikuwa jagi za wageni. Kukataa jusi ya mtu aliyekuja kukuangalia ni kumtukana na ukoo wake. Mimi nikajitolea, nikawa nawanywea, kwa ajili ya amani ya mtaa, mpaka yule infirmie akanichoma na mimi kidole, akasema, "Muzee, na we uko njiani." Nikajiuzulu siku hiyo hiyo.

Mwisho Zaina mwenyewe akamwambia Mama Neema waziwazi. "Mama Neema, ninakupenda, lakini jagi yako inaniua macho. Leta marakuja yako bila kukamua, na ulete na kijiko."

Mama Neema akashika kifua. "Yesu wangu! Na mi nilikuwa naongeza!"

Akalia, akacheka, kesho yake akaleta papai na kisu. Na hapo nikaona kitu. Mtu akileta jusi, unakunywa, glasi inakauka, anashika simu yake anaondoka. Papai linataka kisu, sahani, mtu wa kufukuza nzi, na mbegu za kutupa. Mpaka limekatwa, habari za mtaa mzima zimekwisha kusemwa, na za uongo zimerudiwa. Zaina anachukua kipande chake kimoja, anakimumunya taratibu, na anatuangalia sisi wengine kwa hasira.

Imepita misimu. Kamashine ka dispanseri kanasema maneno mazuri kidogo, siku nyingine mabaya kidogo. Juzi nilikwenda kwake mchana, nikasimama mlangoni, nikangoja kuulizwa mimi ni nani. Akainua uso kutoka kwenye cherehani, akanitazama muda mrefu.

"Hamisi! Kumbe umezeeka vibaya hivi, na hakuna mutu aliniambia!"

Nikashukuru Mungu kwa tusi lile kuliko kwa dua zote za Ijumaa.

Tukakaa, tukakata papai. Sharifa alikuwa ndani na simu yake. Nikawa nawataja wenzetu wa Kanyosha, na kila nikimtaja mmoja, Zaina anasema "Allah amrehemu," mpaka nikaacha kutaja. Siku zile tulikuwa wengi na tunda dogo, tulipigana mpaka kutoana damu kwa ajili ya pera lililoumwa. Sasa papai ni zima, limeletwa mpaka kitini, hakuna wa kumchapa mtu wala wa kumnyang'anya, na sisi wawili tukila tunabakiza.