Winta ya Shemeji

Mume wa dada yangu aliporudi kutoka ughaibuni hakuleta nyumba wala mtaji. Alileta trela la kulala, lenye kitanda, sinki, choo na bafu ambalo mtu mzima akiingia hawezi kugeuka mpaka atoke. Alilivuta hadi Mgeta, juu milimani, akaliegesha kwenye kiwanja cha dada katikati ya matuta ya karoti za watu. Tangu siku hiyo hakuzungumza tena na mtu yeyote kama binadamu mwenzake. Alikuwa anafundisha.

Mimi ni fundi bomba, naishi Kihonda, chini mjini. Mwishoni mwa Mei alinipigia simu.

"Shemeji, winta inakaribia. Njoo tuliandae trela."

Nikamwambia kwetu hakuna winta, kuna kipupwe, na kipupwe dawa yake ni sweta.

"Mtu ambaye hajaona barafu ikipasua bomba hawezi kuelewa," akasema, akakata simu.

Nisingekwenda kama dada asingenipigia baada yake. "Njoo tu, mdogo wangu," alisema. "Usipokuja atafanya mwenyewe, na akifanya mwenyewe tutahama."

Nilimkuta amevaa koti la kufika magotini na glovu, saa nne asubuhi, jua likiwaka hata mimi nimeshavua sweta. Mkononi alikuwa na kitabu cha maelekezo. Miguuni kwake zilipangwa galoni za dawa ya rangi ya waridi, ambayo kazi yake ni kuzuia maji yasigande ndani ya mabomba. Aliiagiza nje kwa gharama ambayo dada hakutaka kunitajia.

Kazi yenyewe si ya kijinga mahali inapohitajika. Unamwaga maji yote ya tenki la trela, unafungua koki za chini mpaka mabomba yakauke, unaifunga njia ya hita ya maji ili isimeze dawa bure. Kisha pampu inavuta dawa kutoka kwenye galoni na kuisukuma, nawe unafungua koki moja moja mpaka kila moja iteme rangi ya waridi. Mwisho unamimina kidogo kwenye sinki na chooni. Huko theluji inakoanguka, hiyo ni akili. Mgeta, pale tulipokuwa, ni sawa na kumvika ng'ombe raba.

Jirani mmoja, mama anayelima karoti na njegere, alipita na kapu kichwani akasimama kutuangalia.

"Mna mchwa humo?" aliuliza.

"Hii ni dawa ya kuzuia maji yasigande," shemeji akamjibu kwa Kiswahili cha polepole, kama anazungumza na mtoto.

Yule mama alilitazama jua, akamtazama mwenye koti. "Haya, poleni na kazi," akasema, akaenda zake. Nilisikia akicheka kabla hajafika kwenye kona.

Tulipomaliza trela, shemeji akanyoosha kidole kwenye simtanki kubwa lililokuwa nje, ambalo dada alilitegemea siku bomba la kijiji likikatika.

"Na hilo lifungulie. Maji yakiganda litapasuka."

"Shemeji, hilo lina maji ya kunywa."

"Wewe ufundi umesomea wapi?"

Nilikuwa na jibu, tena refu. Badala yake nikafungua koki. Maji safi yakatiririka kwenye mfereji mpaka yakaisha, na mimi, fundi mwenye cheti, nimesimama na spana nikiyaangalia. Kwa hilo sina wa kumcheka ila nafsi yangu.

Jumapili iliyofuata binti yao alipata kipaimara. Siku mbili kabla, jembe la mtu lilikuwa limekata bomba la kijiji kule kwenye chanzo. Baada ya Misa wageni wakaja, na mama yangu akiwamo. Shemeji akawatembeza ndani ya trela, sifa zikamjaa masikioni. Mama akaomba maji ya kumezea kidonge chake cha presha.

"Humu kila kitu kipo, mama," shemeji akasema. Nadhani zile sifa zilimsahaulisha. Akashika kikombe, akafungua koki kwa madaha, na kikombe kikajaa waridi.

Mama akakichungulia.

"Mkwe wangu, hii sharubati?"

"Ni dawa ya mabomba, mama. Lakini haina sumu kabisa."

"Basi onja wewe kwanza."

Mtu mwenye akili angecheka na kuomba radhi. Yeye alipiga funda moja mbele ya watu wote, akameza. Uso ulimkunjamana. Akageukia sinki asukutue, akakumbuka sinki lina nini, akabaki anamung'unya midomo. Mama akameza kidonge kwa soda. Dada, na kitenge chake cha sherehe, akachukua ndoo akafuatana na yule mama wa karoti kwenda mtoni.

Bomba la kijiji lilipopona niliitwa tena, safari hii kuisafisha ile dawa itoke. Shemeji alinishikia tochi chini ya sinki. Bila kuulizwa akaniambia kwamba mwaka wake wa kwanza kule bomba la chumba alichopanga liliganda na kupasuka, godoro na nguo vikaloana, mwenye nyumba akamtoa nje kwenye theluji. Alisema asubuhi ile aliapa kwamba bomba halitampasukia tena. Nilimsikitikia, kwa muda wa kufungua nati moja.

Maana aliendelea. "Mtaona Julai," alisema.

Julai, kwenye wiki ya baridi kuliko zote, dada alinisimulia kwamba jioni moja mumewe aliweka bakuli la maji juu ya ngazi ya trela, ili asubuhi aonyeshe ushahidi. Alfajiri alitoka na koti lake kwenda kuangalia. Ndani mlikuwa na panzi, anaogelea.

Akamtoa kwa kidole, akayamwaga maji. "Mwaka huu imechelewa," akasema, akarudi kulala.