Daftari la Nyayo za Kuku

Mwezi uliopita niliipata tena ile gemu ya utotoni mwangu, sasa imetafsiriwa kwa Kiingereza, nikaicheza kwenye simu jikoni kwangu huku maharagwe yakichemka. Muziki wa kijiji cha kwanza ulipoanza, nilivuta kigoda nikakaa. Kisha watu wa humo wakaanza kusema, nami nikapigwa na butwaa. Kumbe yule mwenye nyumba ya wageni alikuwa mlevi! Sisi tulikuwa tumemfanya mwalimu mstaafu.

Sisi, yaani mimi na rafiki yangu, binti wa Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini Kisii. Miaka ya tisini mama yangu alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa kwenye veranda ya duka hilo. Likizo ya Agosti nilikuja naye kutoka kwetu Keumbu, nimebeba ndizi za kupika na chupa ya chai. Nyuma ya duka kulikuwa na sebule iliyonukia bizari na vitambaa vipya. Huko ndiko mjomba wa rafiki yangu, aliyekuwa akinunua magari makuukuu Japani, alikoleta mashine ya gemu ya kijivu na kaseti moja ya gemu. Kila neno ndani yake lilikuwa la Kijapani. Herufi zilikuwa kama nyayo za kuku kwenye matope.

Tulifungua daftari. Yeye alichora herufi, nami nikaandika maana baada ya kujaribu. Kwenye orodha ya vita, neno la juu lilikuwa kupiga, la pili dawa. La tatu tulidhani ni kuomba msamaha, hadi tulipogundua kwamba kila tukilichagua watu wetu wanatoroka. Nyumbani nilisema Ekegusii, yeye Kigujarati, kwa hiyo nchi ile yote ilisema Kiswahili, maana ndiyo lugha tuliyokuwa nayo sote wawili. Mfalme aliuliza watu habari za asubuhi. Mchawi peke yake alitukana kwa Ekegusii, kwa sababu matusi yangu ya Kiswahili hayakuwa na uzito.

Siku tulipotoka kijijini mara ya kwanza, ukuta uliisha, milima ikafunguka, na muziki ukapanuka pamoja nayo. Mimi nilikuwa sijafika mbali zaidi ya Kisumu. Rafiki yangu aliweka pedi ya kuchezea sakafuni.

"Hii yote tunaweza kutembea?" akauliza kwa sauti ndogo.

Tulitembea. Kila alasiri mvua ya Kisii ilipiga mabati, sisi tukiwa tunavuka jangwa. Nyanya yake, aliyemwita Ba, alikaa nyuma yetu akichambua mchele kwenye sinia. Tuliamini hatazami.

Katika kundi letu kulikuwa na msichana mwenye joho jeupe aliyeponya wenzake. Tulimwita Daktari, na rafiki yangu alimpenda kuliko wote. Alasiri moja, mbele ya lango la mawe, Daktari alitangulia peke yake. Mwanga ukawaka, akaanguka, na wenzake wakasimama wameinamisha vichwa. Maneno yakapita mengi, polepole.

"Andika," rafiki yangu akasema. "Amesafiri."

Mama wa rafiki yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na hilo ndilo neno waliloambiana nyumbani mwao: amesafiri. Nililiandika. Papo hapo radi ikapiga, stima ikapotea, na kwa kuwa hatukuwa tumehifadhi mchezo, mashine ilitusahau. Ilipowaka tena, Daktari alikuwa mzima, amesimama nasi kijijini.

Siku tatu rafiki yangu alikataa kwenda langoni. Tulizunguka vijijini, tukanunua dawa tusizozihitaji, tukasalimia watu walewale. Sikumharakisha. Siku ya nne nyanya yake akaweka sinia chini.

"Yule msichana alikufa," alisema. "Mimi niliona. Kwa nini mnadanganya daftari?"

"Alisafiri, Ba," rafiki yangu akajibu bila kugeuka.

"Hapana, mtoto wangu. Alikufa. Na mama yako pia alikufa."

Nilisikia cherehani ya mama ikinguruma nje, kisha rafiki yangu akalia kama mtu aliyekuwa amebana pumzi mwaka mzima. Nyanya alimvuta kifuani, naye mwenyewe akalia. Mimi sikujua nitazame wapi. Baadaye rafiki yangu alijipangusa uso, akachukua kalamu mwenyewe, akakata neno langu na kuandika juu yake: amekufa. Halafu akasema, "Twende langoni."

Kwenye Kiingereza cha simu yangu, mahali pale wameandika kwamba msichana amekwenda kupumzika. Siwalaumu waliotafsiri, huenda na wao walikuwa na mtu wa kumwonea huruma. Lakini nimecheza gemu nyingi za Kijapani tangu hapo, nimesoma tafsiri nzuri na mbovu, na bado sijakutana na mfasiri aliyemzidi yule nyanya aliyechambua mchele, asiyejua hata herufi moja ya Kijapani.

Gemu ile tuliimaliza siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo cha televisheni, mstari baada ya mstari. Nyanya akauliza ni akina nani hao.

"Waliotengeneza," tukamwambia.

"Wengi hivyo?" Akakaa nasi akitazama hadi jina la mwisho.

Mwaka uliofuata rafiki yangu na jamaa zake walihamia Uingereza, daftari likaenda naye. Mama alihamishia cherehani sokoni. Palipokuwa na duka leo kuna jengo la ghorofa, na sikumbuki tena sebule ilielekea upande gani. Kulikuwa na nchi nzima, yenye jangwa na wafalme, iliyosema Kiswahili cha wasichana wawili wa Kisii. Wanaoikumbuka lugha yake ni wawili tu, na mwenzangu sijui aliko.